Mzee wa Kuita na Jiwe Lenye Halikufika

Siku hizi ukisema harambee mtu anafikiri mchango wa pesa, anashika mfuko. Anaangalia chini, anakohoa, anakumbuka ati ng'ombe yake huko nyumbani imefungwa vibaya. Mimi nikisikia hilo neno nashika kamba. Hata kama niko kanisani, hii mikono inajikunja yenyewe, na macho inaenda nyuma kutafuta gurudumu. Bibi yangu amenifinya mpaka paja limekuwa sugu, anadhani nimelala.

Mwenye aliniharibu hivyo ni mtu mmoja. Jina lake sisi wengi hatukujua. Kwa kipande chake, ile karatasi ya kazi ya wakati wa mkoloni, lilikuwa limeandikwa, lakini nani wetu alijua kusoma? Tulimwita Mzee wa Kuita, basi. Baba yake nani, alizaliwa wapi, hiyo usiniulize. Mimi nilimkuta tayari ni mzee, na koti la jeshi lenye halina kifungo, na nafikiri alizaliwa nalo.

Wacha niwaambie kazi yake. Huko Sisibo, huu mji wenu wa Eldoret, wakati wa Makaburu hakukuwa na mashine ya kuinua kitu. Kitu ikiwa nzito iliitwa ng'ombe, na ng'ombe ikishindwa tuliitwa sisi. Na matope! Haya matope yenu ya sasa ni uji wa mtoto. Kuna Kaburu mmoja alipoteza maksai zake na gari lote wakati wa mvua, akazipata kiangazi mahali pale pale, zimesimama kwa nira, zimekasirika tu. Sasa gari likikwama hivyo, au gogo likitakiwa kupanda mlima, anatumwa mtu: "Enda lete Mzee wa Kuita."

Anakuja polepole. Hashiki kamba. Hagusi mzigo hata na kidole. Anasimama mbele, anatuangalia sisi, mgongo wake kwa njia. Anangoja. Halafu anaita, "Haraaaaaa..."

Hiyo "hara" ilikuwa yake peke yake. Aliivuta kama mtu anakunja blanketi. Ndani yake unapata taimu ya kupanda mguu, kushika kamba, kuvuta pumzi, kusahau deni na bibi na kiboko. Halafu "mbee!" Hiyo ilikuwa yetu. Hakuisema hata siku moja. Sisi ndio tunasema, na tukisema, kitu inasogea. Nyuma ya gurudumu kuna mtu mmoja na jiwe kubwa. Gurudumu likipanda kidogo, anasukuma jiwe chini yake lisirudi, na anapiga kelele, "Jiwe!" Hapo tu ndipo Mzee anasema, "Pumua," na sisi tunalegeza kamba tunapumua. Halafu tena. Hara, mbee, jiwe, pumua. Hivyo ndivyo mji wenu ulipanda kutoka mto Sosiani mpaka juu, msidanganywe na mtu.

Watu walibishana hilo neno limetoka wapi. Fundi mmoja wa reli alisema ni la Wahindi. Mpishi mwenye alikuwa amefika Mombasa alisema ni la pwani. Wakamuuliza Mzee wa Kuita. Akafikiri, akasema, "Limetoka kwa mgongo."

Sauti yake sasa. Mkinikatalia hii nitanyamaza niende zangu. Akiita Moiben, kuku za Kesses zinataga. Pasta alimwomba siku moja aanzishe wimbo kanisani. Alianza tu, na watu wote wakasimama pamoja na kusukuma viti mpaka ukutani, na ukuta wenyewe ukalala nje kidogo. Mpaka hilo kanisa lilipobomolewa, ukuta wa upande ule ulikuwa umebinuka.

Na kuna ile ya nyumba. Kaburu mmoja alikuwa na nyumba ya mbao, na bibi yake hapendi upepo wa pale. Upepo wa Uasin Gishu mnaujua, unavua mtu soksi na kiatu kikiwa mguuni. Bwana akasema nyumba isogezwe mpaka nyuma ya miti. Tukaiinua, tukaweka magogo chini, kamba mbele. Bibi akakataa kutoka. Akasema, "Mimi nakunywa chai." Basi Mzee wa Kuita akaita, na nyumba ikaenda na bibi ndani, kwa kiti chake, na kikombe. Tulipofika, akachungulia kwa dirisha, akauliza, "Mtaanza saa ngapi?" Chai haikumwagika hata tone. Mimi nilikuwa kwa kona ya kushoto, nilisikia harufu ya hiyo chai njia yote, na hakunipa.

Hilo neno alilichunga kama mtu anachunga dume kali. Ng'ombe ikizaa vibaya, miguu ya ndama imetoka na mwili umekataa, aliita. Paa la jirani likipandishwa, aliita. Kwa kaburi alikataa. "Maiti havutwi," alisema, "anasindikizwa." Na kulima alikataa kabisa. Nyapara wetu, mtu wa kelele nyingi, aliona vile tunavuta, akasema hii dawa itumike kwa shamba la mahindi, jembe zote zipande na zishuke pamoja.

"Kulima kila mtu na mgongo wake," Mzee akamwambia.

"Nitaita mwenyewe!"

"Ita."

Nyapara akaita harambee na kiboko mkononi. Jembe zikapanda kama nywele za mtu ametoka kulala, moja huku, moja kule. Mmoja alilima kiatu chake. Nyapara akaita mpaka sauti ikakauka, na mwisho hata mbwa wake akaenda nyumbani.

Sasa mtu kama huyo ungefikiri kila kitu alifanya na watu. Wapi! Mtu mwenye aliweza kufanya laini nzima ya vibarua kuwa mwili mmoja, yeye mwenyewe hakuweza kutembea na mtu. Ukitembea na yeye, mguu wako na mguu wake ikianza kukanyaga pamoja, anasimama. Anajifanya anafunga kamba ya kiatu, na kiatu hana. Anakuacha uende mbele, halafu anakuja. Kwa ugali, sisi tukinyoosha mkono yeye anarudisha wake. Bibi yake, Mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha kijiji, alikuwa akisema mbele ya watu, "Huyu mwanaume anavuta Sisibo nzima, lakini mtungi wangu wa maji hajawahi kusogeza!" Watu wanacheka. Yeye anatabasamu, na anaangalia nyuma yake.

Hiyo ya kuangalia nyuma nilidhani ni tabia tu. Mpaka siku nilipata kazi kwake.

Jumapili moja tulikuwa tunacheza ngoma huko laini, kwenye nyumba za vibarua. Mimi, nyinyi mnanijua, mkono wangu na sikio langu havijawahi kusalimiana. Wengine wakipiga makofi, mimi napiga baada yao. Siku hiyo niliharibu ngoma mpaka mpigaji akatupa fimbo, akasema, "Mtoeni huyu, ananifanya nasahau mikono yangu!" Watu wananifukuza, na Mzee wa Kuita akaja mbio. Mimi nilikuwa sijawahi kuona akikimbia. Akanishika bega.

"Piga makofi tena."

"Mzee, wamesema..."

"Piga."

Nikapiga. Yeye akapiga na mimi. Akajaribu kunipata, akashindwa. Akabadilisha, akashindwa tena. Akacheka na machozi ikatoka.

"Ni hivi kila siku?" akauliza.

"Kila siku, Mzee. Hata nilipozaliwa mama yangu alikuwa amechoka kungoja, akaenda sokoni kwanza."

"Kesho njoo kwa kazi. Wewe utakuwa Mchelewaji wangu."

Nikadhani ananicheka. Kumbe kila kikosi chake kilikuwa na huyo mtu, na wa mwisho alikuwa amerudi kwao Kakamega. Kazi yangu ilikuwa hii. Kamba za wavutaji ziko mbele. Mimi nina yangu peke yangu, imefungwa kwa mzigo, nimeizungusha kwa kisiki, nimekaa kando mahali naona gurudumu. Mzigo ukipanda, nakaza. Mzee akisema "Pumua," wengine wote wanalegeza. Mimi silegezi. Mimi nasimama, naangalia jiwe kwa macho yangu, nahakikisha limekaa chini ya gurudumu, ndiyo nalegeza. Hata Bwana mwenyewe akinitukana, nichelewe.

"Usilegeze ukisikia," Mzee aliniambia. "Legeza ukiona."

Kazi tamu jamani! Mimi ndiye mtu peke yake katika nchi hii nzima alipewa posho kwa sababu ya uvivu. Kila mahali pengine nilifukuzwa kwa hiyo tabia, na hapa nilipewa na koti.

Nikauliza wazee wa laini kwa nini. Mmoja wa wale wenye walikuwa na yeye tangu zamani akanieleza, na wengine wakaitikia kwa kichwa.

Ilikuwa ni boila. Mashine ya kupasua mbao, ile ya juu kule Kaptagat, ilihitaji boila, chuma ya kuchemsha maji, kubwa kama nyumba mbili. Ikaletwa kwa magurudumu, na ng'ombe zikaikataa kwa mlima wa mwisho. Ukungu ulikuwa umekaa asubuhi hiyo, ule wa kwetu, mtu anapoteza mkono wake mwenyewe. Mzee wa Kuita, huyo wakati bado kijana, aliita. Nyuma kwa gurudumu kulikuwa na mtu wa jiwe, rafiki yake, wamekuja Sisibo pamoja kwa miguu, wanakula sahani moja.

Bwana wa mashine akaleta wageni waone. Wakakaa kwa viti. Na Mzee wa Kuita akaona anaangaliwa. Akaita vizuri kuliko siku zote. Akaongeza mwendo. Hara, mbee, jiwe, pumua. Hara, mbee, jiwe, pumua. Wale wavutaji walisema haikuwa kazi tena, ilikuwa kama kubebwa. Wageni walipiga makofi. Boila ilikuwa inapanda mlima kama inaenda harusi.

Na karibu na juu kabisa, hara, mbee, na Mzee akasema, "Pumua." Neno la katikati, lile la "Jiwe," halikuwa limekuja. Nyuma kule kwa ukungu, mtu wa jiwe aliteleza, au jiwe lilikuwa zito, hakuna mtu anajua. Mwendo ulikuwa mtamu, na Mzee alikanyaga mahali neno lingekuwa.

"Na nyinyi?" nikauliza.

"Sisi tulilegeza," yule mzee akaniambia. "Wote. Kama mtu mmoja."

Wengine wakaitikia, "Kama mtu mmoja."

Hiyo ndiyo ilikuwa inawakula. Kama angekuwako mmoja tu, mmoja mkaidi, mvivu, mtu wa kuota mchana, na kamba yake imezungushwa kwa mti, boila ingesimama. Lakini walikuwa wameungana vizuri sana. Boila ilirudi chini yote. Walimpata mtu wa jiwe, na jiwe likiwa bado kwa mikono yake. Alikuwa amelikumbatia.

Kicheko changu kilipungua siku hiyo, kikapungua sana. Halafu nikaanza kuona vitu. Niliona ya kwamba Mzee akimaliza kutusikia "mbee," hapumui kabisa mpaka neno litoke nyuma. Uso wake unakuwa wa majivu. "Jiwe!" ikija, rangi inarudi. Kila mara, siku nzima, mwaka kwa mwaka. Nilikuwa nafikiri anaita. Kumbe kazi yake kubwa ilikuwa kungoja.

Tulifanya kazi hivyo mpaka siku ya gogo la podo, ule mti wa mbao wa msituni. Gogo kubwa sana, ndege wa kichwa chake na ndege wa miguu yake hawakuwa wanaongea lugha moja. Tulikuwa tunalipandisha kutoka mtoni, limefungwa juu ya magurudumu, na mtu wa jiwe alikuwa kijana mmoja mgeni, ana homa na hakusema. Ukungu tena. Mzee akaita, sisi "mbee," gogo likapanda. Na Mzee akasema, "Pumua."

Wote wakalegeza. Kama mtu mmoja.

Mimi nilikuwa najikuna. Nawaambia ukweli, sikuwa shujaa, nilikuwa na siafu ndani ya suruali. Lakini kamba yangu ilikuwa kwa kisiki, na mimi nilikuwa sijaona jiwe, kwa hivyo nilikuwa sijalegeza. Ile kamba ililia. Iliimba kama nzi mkubwa. Kisiki kikatoa moshi. Gogo likarudi kidogo, likasimama, na chini yake, mkono mmoja tu kutoka kwa gurudumu, yule kijana alikuwa amepiga magoti, anatafuta jiwe lake kwa majani.

Tukamvuta. Watu wakaanza kunibeba juu, wanaimba Mchelewaji, Mchelewaji. Hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilibebwa nikiwa sijalewa.

Mzee wa Kuita hakuimba. Alikuja kwa yule kijana polepole.

"Lakini wewe ulisema 'Jiwe.'"

"Mimi? Sikusema, Mzee. Lilikuwa limenitoka mkononi."

"Ulisema. Nilikusikia kabisa."

"Haki ya mama, Mzee, sikusema kitu."

Mzee akatugeukia. "Nyinyi mlisikia?"

Tukatikisa kichwa, mmoja baada ya mwingine. Akaangalia nyuma, kule chini kwa ukungu, kwa muda mrefu. Akasema kama mtu anaongea na jirani yake kwa ua, "Sasa unasema, na hulileti."

Akavua kofia yake, akaiweka juu ya gogo, akaenda. Hakuita tena. Bwana alimtuma nyapara, akamtuma karani, akaja mwenyewe na farasi. Mzee alitoka nje, akamsalimia vizuri, akarudi ndani.

Miaka ikaenda. Lori zikaja, trakta zikaja. Kwa shida ya Emajensi, ile ya wakati wa Mau Mau, watu walihamishwa huku na kule, na mimi nikapelekwa shamba lingine upande wa Moiben. Nikasikia Mama yule wa kicheko amekufa, na Mzee anaishi peke yake Kesses, kwa nyumba ya mtu wa kanisa. Nikasema nitaenda kumwona. Nikachelewa, si mnanijua. Mara mvua, mara mavuno. Nilipofika, alikuwa amebaki kama koti limetundikwa. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua limetoka, na alikuwa amekaa kwa kiti cha miguu mitatu nje ya mlango.

"Nani?"

"Ni Mchelewaji, Mzee."

"Naamini. Nilikuita nikiwa bado na meno, na sasa ndio unafika."

Ile sauti ya kutagisha kuku ilikuwa imekwisha. Ilibaki upepo tu, kama wa ufunguo kwa tundu. Tukaongea. Nikamwambia ile ya bibi na chai, nikaongeza na mkate. Akacheka. Halafu akasema anataka kusimama, na miguu imekataa, na mama wa kumsaidia ameenda kisimani.

"Niite," akasema.

"Nikuite wapi, Mzee? Si uko hapa?"

"Niite, mjinga wewe. Nisimame."

Nikaelewa, na ngozi yangu ikasimama kabla yake. Mimi, mtu wa kuharibu ngoma! Lakini nilimshika mikono yote miwili, nikapanda miguu, nikafungua mdomo. "Haraaaaa..." Ilitoka vibaya, imepinda kama barabara ya mbuzi.

Na yeye akasema, "Mbee."

Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia hiyo sehemu kwa mdomo wake. Akavuta. Akapanda juu, mifupa yote inalia, akasimama. Nikamshukuru Mungu. Nikasema, "Haya, pumua, Mzee," na nikataka kulegeza mikono.

"Usilegeze!" Alinishika na nguvu yenye sijui ilitoka wapi. Uso ulikuwa wa majivu, ule ule. Alikuwa anaangalia juu ya bega langu, kule njiani. Hakuna mtu alikuwa huko. Jua tu, na mahindi ya watu. "Bado."

"Mzee, umesimama. Imekwisha."

"Sauti yake naisikia kila siku," akasema. "Nikila, nikilala, anasema, 'Jiwe, jiwe.' Lakini jiwe lenyewe silioni. Nitalegezaje?"

Tulisimama hivyo. Ningeweza kupiga kelele "Jiwe!" nimdanganye, na uongo mimi ninao wa kutosha mji. Lakini sauti alikuwa nayo tayari. Yeye ndiye alinifundisha nisilegeze kwa kusikia.

Kando ya mlango kulikuwa na jiwe la kuzuia mlango usipigwe na upepo. Nikamwambia, "Mzee, shika mwimo wa mlango kidogo." Akashika. Nikaliinua. Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana, na hii siongezi. Nikalizungusha nyuma yake, nikapiga magoti kwa vumbi, nikalisukuma mpaka likagusa visigino vyake vyote viwili. Nikamshika tena mikono.

"Jiwe," nikasema.

Aligeuza shingo polepole, akaangalia chini. Akaliangalia sana. Akasogeza kisigino nyuma kidogo, akalijaribu, akasikia limekaa.

Halafu akatoa pumzi. Ilitoka ndefu, nikadhani haitakwisha, kama ile "hara" yake ya zamani ikirudi nyumbani. Mikono ikalegea ndani ya yangu, nikamkalisha.

"Umechelewa," akasema. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia pale nyuma, chini, karibu na jiwe, na uso wake ulikuwa wa mtu amefunguliwa mlango na mwenye nyumba.

Nikapiga magoti tena, pale pale karibu na jiwe. Mtu mwingine hakuwako wa kumjibia yule mtu wa jiwe.

"Pole, ndugu yangu," nikamwambia. "Njia ilikuwa na matope."